Herufi Kubwa Mno

Binti yangu alitoka shule amekumbatia kipande cha katoni kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Akakiweka mbele yangu. Juu yake, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wake alikuwa ameandika: "Herufi kubwa mno. Chini ya matarajio."

Nilikuwa saluni kwangu, Runyenjes, katikati ya kichwa cha mteja. Nilisoma yale maneno, nikachomeka kichana nyuma ya sikio, nikamshika mtoto mkono na katoni nikaitia kwapani. Mteja akauliza, "Na mimi?" Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama shamba la kahawa lisilopogolewa. Nilitoka na aproni yangu, nikapanda njia ya shule.

Ile katoni ilikuwa tableti. Lazima nieleze, maana mtu mwenye akili timamu hawezi kujua hivi hivi. Mtaala mpya unapenda katoni. Mtoto akisoma habari za ng'ombe, mzazi anatafuta katoni. Akisoma habari za barabara, katoni. Muhula huo watoto wa gredi ya nne waliambiwa watengeneze tableti kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao. Sasa, katika mazingira yao kulikuwa na tableti za kweli. Mpya, zimeletwa na serikali, ziko kwenye kabati la kioo ofisini kwa mwalimu mkuu, na ukisimama kwenye mlango wa darasa unaweza kuliona dirisha la hiyo ofisi. Lakini hayo hayakuhesabiwa kuwa mazingira. Mazingira ni katoni ya sabuni.

Binti yangu haoni vizuri. Alizaliwa hivyo. Anamwona kuku, haoni punje anazodonoa. Anauona mlima asubuhi ukiwa umejifunua, lakini umwekee kitabu mezani kama watoto wengine, ukurasa kwake ni ukungu. Daktari wa macho kule Embu mjini alimpima akaniambia, "Mama, miwani itasaidia kidogo. Ukitaka asome, mpe maandishi makubwa." Ni hayo tu. Hakusema nimtafutie muujiza.

Lakini vitabu vya shule vina maandishi madogo kama sisimizi. Kwa hivyo mtoto alikuwa analaza uso kwenye kitabu mpaka pua inapata wino, na wenzake wakampa kazi ya mbwa. "Leo umenusa ukurasa gani?" Mwalimu alisikia. Sijawahi kuambiwa kwamba alikataza.

Halafu muhula uliotangulia huo wa katoni akaja msichana wa chuo kufanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa wa kutoka Kiritiri, kule chini Mbeere kwenye ukame na mbuzi, na walimu wetu wa huku kwenye majani chai wakamcheka mapema kabla hajafungua mdomo. Siku moja mwalimu mkuu alikuwa ameenda mkutano. Yule msichana akaomba ufunguo kwa karani, akafungua kabati, akabeba tableti mpaka darasani, akaziwasha. Akamwonyesha binti yangu aweke vidole viwili juu ya kioo na avitenganishe.

Mtoto alikuja mbio siku hiyo. Alianza kupiga kelele akiwa bado nje ya saluni.

"Mama! Herufi inanenepa!"

"Inanenepa vipi?"

"Ukiishika hivi, inanenepa! Inanenepa mpaka inajaa! Nimesoma hadithi yote peke yangu. Sungura alimdanganya fisi, fisi akala mawe."

Nilikuwa nimeshika drayari. Niliizima nikamsikiliza akisimulia habari za huyo fisi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila aliyekuwa ndani ya saluni akaisikia. Tangu siku hiyo kwetu neno ni hilo. Hatusemi kukuza, tunasema kunenepesha.

Ile furaha haikulala hata mara mbili. Mwalimu mkuu alirudi, akaambiwa, akaenda darasani na kumgeukia yule msichana mbele ya watoto. Binti yangu alinipigia hiyo hotuba neno kwa neno, maana masikio yake hayana shida. "Hizi ni mali ya serikali. Zikiharibika utalipa na nini? Na mbuzi za kwenu?" Watoto walicheka kwa sababu mwalimu mkuu alitaka wacheke. Msichana wa watu akakusanya tableti, akazirudisha, akamaliza muda wake akifundisha kwa chaki, akaenda zake. Mwalimu mmoja tu aliyejua kuwasha kitu, na walimfukuza kwa kicheko.

Kilichofuata ni uzi.

Tuliitwa mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu akasimama na koti lake la mikutano, akatuambia shule yetu sasa ni ya kidijitali, na kitu cha thamani lazima kitunzwe. Nikadhani anaomba kufuli. Akaomba kila mzazi wa gredi ya nne alete uzi wa kufumia. Mweupe na wa buluu, rangi za shule. Mwalimu wa darasa angefuma vitambaa vya kufunikia tableti.

Na tulileta! Hapo ndipo ninapotucheka sisi wote. Huku kwetu kitu kikishakuwa cha maana kinavalishwa kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Redio ina kitambaa. Kochi lina vitambaa mpaka ukikaa unainuka na kimoja mgongoni. Mama mkwe wangu ana jagi la kioo ambalo sijawahi kuona likitiwa maji, lina kitambaa chenye shanga pembeni. Kwa hivyo hakuna mzazi aliyeona ajabu. Wengine walileta uzi wa zaidi.

Madam, huyo mwalimu wa darasa, akafuma. Alifuma darasani, watoto wakiwa mbele yake, na ubaoni alikuwa ameandika: Sehemu za Tableti. Skrini. Kitufe cha kuwasha. Tundu la chaja. Kamera. Watoto walinakili, kisha wakaimba. Ukipita nje ya shule ungesikia watoto wa watu wakiimba "tundu la chaja, tundu la chaja" kama wimbo wa kanisa, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kugusa hilo tundu. Kazi ilipoisha, kila tableti ilikuwa na gauni lake, jeupe lenye pindo la buluu, zimesimamishwa kwenye kioo mstari mmoja. Wageni wakija wanapelekwa kuziangalia. Hata maiti hufunuliwa uso watu wakija kumuaga. Zile tableti hazikufunuliwa.

Sababu zao nilizisikia zote, kwa maana nilikuwa nauliza kila nikipata nafasi. Watoto wataziangusha. Mtandao hauko. Stima inapotea. Hatujafundishwa. Hiyo ya mwisho ilinichekesha zaidi, kwa sababu walifundishwa. Walipelekwa semina hoteli ya Embu mjini, wakarudi na mikoba na fulana zenye maandishi, na zile fulana wanazivaa mpaka leo wakienda kuchuma chai. Mkoba umefika shambani. Fulana imefika shambani. Mafunzo ndiyo hayakufika darasani.

Lakini sababu niliyopewa mimi ilikuwa ya peke yangu. Madam alikuja saluni asukwe. Alikaa kwenye kiti changu, nikamfunga shuka shingoni, na kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu nikamwambia:

"Madam, ningeomba mtoto wangu apewe ile tableti, hata kwa kipindi kimoja tu. Daktari alisema maandishi makubwa."

Akageuka kunitazama kama mtu aliyesikia nimeomba mtoto apewe panga.

"Mama, na hayo macho yake vile yako? Ile kitu inapiga mwanga. Unataka imalizie kidogo kilichobaki?"

"Daktari hakusema mwanga ni mbaya."

"Daktari hakai na watoto. Mimi ndiye nakaa nao. Nikimpa akuwe kipofu, si utanishtaki?"

Akatoa simu yake, kubwa kuliko mkono wake, akatafuta picha ya mtindo anaoutaka. Akaipata. Kisha akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitenganisha.

"Angalia hapa karibu na sikio. Unaona hili tuta limepinda hivi? Nataka hivyo hivyo."

"Umeinenepesha," nikasema.

"Nini?"

"Picha. Umeinenepesha."

"Si ndiyo tuone vizuri?"

Wanawake waliokuwa wakingoja kwenye benchi walijua habari ya fisi na mawe. Mmoja alikohoa mpaka akatoka nje. Madam hakuelewa. Akaendelea kuninenepeshea tuta moja baada ya lingine, uso umeinamia ule mwanga unaopofusha watu. Nilimsuka kwa kubana. Alitembea siku kadhaa na nyusi za mtu aliyeshtuliwa.

Baada ya hapo niliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mzazi, keti."

Nikaketi. Zile tableti zilikuwa nyuma ya kichwa chake, zimevaa.

"Huyu mtoto ni mzuri," akaanza. Ukisikia mwalimu ameanza hivyo shika kiti. "Ana nidhamu. Lakini hapa si mahali pake, anabaki nyuma. Kuna shule ya wasioona huko Meru. Wewe si ni wa huko? Atakuwa karibu na watu wako."

Mimi ni wa Muthara, Tigania. Niliolewa huku Embu nikiwa bado na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha. Kwa mtu wa Embu, Meru yote ni boma moja, ukimtupa mtoto mlangoni nyanya yake anamdaka. Kutoka ile shule anayoisema hadi kwetu Muthara ni safari ya kubadilisha gari. Tena ni bweni. Mtoto mdogo vile, ambaye bado analala ameshika sikio langu.

Sina neno baya na shule ya wasioona. Mtoto asiyeona ana haki ya kuwa pale, na nimesikia kule walimu wanafanya kazi. Lakini wangu anaona! Walitaka kumpeleka akafundishwe kusoma kwa kupapasa herufi ambazo macho yake yanazisoma zikinenepa, kwa sababu tu kuvua kitambaa ni kazi nzito.

"Na hizo?" nikauliza, nikionyesha kabati.

Hakugeuka. "Hizo ni za wanafunzi wote. Siwezi kumpa mmoja wengine wakose."

"Sasa hivi nani anapata?"

"Sasa hivi zinatunzwa."

"Zinatunziwa nani?"

Akatabasamu, kile kitabasamu cha kusamehe wajinga. "Mama, punguza hasira. Hiyo ni hasira ya Kimeru." Akaniambia fomu ya uhamisho itakuwa tayari mwisho wa muhula, nije tu kutia sahihi. Huku mtu wa Meru akiuliza swali lisilo na jibu, huwa ana hasira. Ni ugonjwa wetu, tunazaliwa nao.

Kwa hivyo siku katoni iliporudi na wino mwekundu, mjue imekuja juu ya hayo yote.

Walimu walikuwa stafurumu, chumba chao, wakinywa chai ya jioni. Madam alikuwa kwenye kona yake, amefika kwenye kitambaa kingine, nadhani cha kengele. Simu yake ilikuwa mezani mbele yake, inacheza video ya watu wakicheza ngoma harusini. Nikaweka katoni kando ya hiyo simu.

"Madam, herufi kubwa mno ni nini?"

"Mama, habari ya jioni kwanza."

"Sijaleta habari ya jioni. Herufi kubwa mno ni nini?"

Akaweka sindano chini. "Tulisema ifanane na ya kweli. Wenzake wameweka vitufe, wameweka picha ndogo ndogo, saa, betri. Yeye ameweka *a* moja, imejaa kioo chote. Tableti gani iko na herufi moja?"

Za wenzake nilikuwa nimeziona. Zilichorwa na baba zao na makarani wa saiba, kwenye maduka ya intaneti. Ya wangu aliichora mwenyewe, ulimi nje, uso umelala juu ya katoni mpaka kidevu kikawa cheusi kwa kalamu.

"Hiyo ndiyo tableti aliyoiona," nikasema. "Siku moja tu, na yule msichana wa Kiritiri. Aliinenepesha mpaka ikajaa. Hajachora vibaya. Katika darasa lako ni yeye pekee aliyechora tableti ikiwa imewashwa."

Kisha mwalimu mmoja, mwanamume, akasema huku anachovya mkate, "Ati kuinenepesha? Kwani tableti ni nguruwe?"

Wakacheka. Stafurumu nzima, watu waliosomea kufundisha watoto, vikombe vinatikisika. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamia viatu vyake kama anavyoinamia kitabu.

Sikumpiga mtu, ingawa nasikia sokoni nilipiga watatu. Nilichofanya ni kuchukua kile kitambaa kutoka mapajani mwa madam, na uzi ukining'inia, nikakitandika juu ya simu yake vizuri, pembe kwa pembe. Wale wa harusi wakaendelea kuimba chini yake.

"Basi na hii tuitunze," nikamwambia. "Isipige watu mwanga."

Madam akaruka kama ameona nyoka. "Wewe! Unajua hiyo simu ni ya bei gani?"

Mwalimu mkuu alikuwa amefika. Akatazama kitambaa, akanitazama mimi na kichana changu nyuma ya sikio, na kwa sauti ya mikutano akasema:

"Mzazi, hapa kuna utaratibu. Ukiwa na malalamiko, unaandika. Unapeleka kwa ofisi ya elimu. Huji hapa kupiga kelele kama sokoni. Unaandika."

Akalirudia hilo "unaandika" polepole, akitazama aproni yangu iliyojaa mafuta ya nywele. Alidhani hapo nimekwama. Alidhani msusi anajua kuandika "Tumefunga" na "Kesho".

Nikamwambia, "Asante, mwalimu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza uliyonipa yenye maana."

Nilirudi saluni nikamkuta mteja wangu bado amekaa na nusu kichwa.

"Umempiga?"

"Nimeambiwa niandike."

"Haiya. Basi wamekwisha," akasema, akainamisha kichwa nimalizie.

Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu barua rasmi ndiyo niliyoiweza kuliko kitu chochote kidato cha nne, na kwa sababu nilitaka wasije wakasema Kiingereza changu ndicho kilichonenepa. Asubuhi nilifungua saluni kwa kuchelewa, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya elimu ya hapa Runyenjes, pamoja na karatasi ya daktari na katoni.

Karani alipokea barua, akaisukuma katoni kurudi kwangu.

"Na hii takataka?"

"Ni kiambatisho."

"Haiingii kwa faili, mama."

"Tafuta faili iliyonenepa."

Alinitazama, akaigeuza, akaiona ile *a*, na maandishi mekundu. Akayasoma mara mbili. Akapiga muhuri kwenye barua, halafu, bila kuniuliza, akapiga mwingine nyuma ya katoni, mahali penye picha ya sabuni.

Chini ya anwani na jina la shule, barua ilisema hivi:

*MINTARAFU: KUNYIMWA KWA BINTI YANGU KIFAA CHA KUSOMEA KILICHOMO SHULENI*

*Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa gredi ya nne katika shule iliyotajwa hapo juu. Binti yangu ana uoni hafifu. Si kipofu. Barua ya daktari nimeiambatanisha.*

*Shule ina tableti. Binti yangu alipewa moja siku moja na akasoma hadithi nzima bila msaada. Tangu hapo tableti zote zimewekwa kabatini na kufumiwa vitambaa kwa uzi tulioutoa sisi wazazi. Nimeelezwa kwamba mwanga wake utamharibu macho. Aliyenieleza hutumia simu yenye mwanga huo huo mchana kutwa na macho yake ni mazima.*

*Sasa ninaambiwa nitie sahihi mtoto ahamishiwe shule ya bweni ya wasioona. Sitatia.*

*Naomba ofisi yako iamuru, kwanza, kwamba binti yangu apewe tableti darasani katika kila somo la kusoma, ikiwa imewashwa. Naomba, pili, kwamba mwalimu wa darasa afundishwe upya kuitumia, na kama hilo haliwezekani, basi mtoto wangu yuko tayari kumfundisha, anajua. Tatu, naomba maneno "herufi kubwa mno" yafutwe kwenye kazi yake. Herufi hiyo si kubwa mno. Ni ya kumtosha.*

*Nasikitika kwamba nilifunika simu ya mwalimu. Kitambaa kilikuwa safi.*

*Kazi yenyewe nimeileta ili muione. Ndiyo tableti pekee ambayo binti yangu anaruhusiwa kushika. Mkimaliza kuikagua naomba mnirudishie, kwa sababu bado anaitumia.*

*Ni mimi mzazi wake, ninayengoja jibu kwa maandishi.*